Izakaya za Düsseldorf: kijiti cha firigisi, kibakuli usichoagiza na bili ya kutoa jasho

#1 Mtemeke

Wakuu, wiki iliyopita mdau mmoja alilalamika humu kwamba ameingia "mgahawa wa Wajapani" hapa Düsseldorf, Ujerumani. Kabla hajaagiza chochote akawekewa kibakuli cha mboga, kikaingia kwenye bili euro nne, akalipa arobaini na ushee, akaenda kumalizia njaa kwa Mturuki wa kebabu. Povu likamwagika kurasa tatu: wezi, wabaguzi, wametuona ngozi yetu. Nilianza kumjibu kulekule, jibu likarefuka, nikaona nifungue uzi.

Niseme mapema kwamba mimi siyo refa kwenye hili. Nimeosha vyombo kwenye jiko la nyumba ya namna hiyo mwaka mmoja na nusu. Halafu mbanikaji mmoja akarudi kwao Osaka, nikasogezwa kwenye mkaa, na mpaka leo nabanika jioni tatu kwa wiki. Jina la sehemu silitaji. Wale wa "mkuu nipe mchongo PM" mtulie kwanza.

Sasa, kosa la ndugu yetu lilianzia mlangoni. Pale siyo mgahawa. Ni izakaya. Neno lenyewe limeungwa vipande vitatu: *i* ni kukaa, *saka* ni sake, ile pombe yao ya mchele, na *ya* ni duka. Duka la pombe la kukaa. Zamani kule Edo, mji ambao leo ni Tokyo, maduka ya pombe yaliuza kwa kupima. Mteja anakuja na chombo chake, anajaziwa, anaondoka. Ila walikuwepo wasioondoka, wakawa wanainywa palepale dukani wamesimama, na mwenye duka akaona heri awape na cha kutafuna. Kuna duka linaitwa Toshimaya, lilianza 1596, lilipata jina kwa kuuza sake bei poa pamoja na tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ya kubanika iliyopakwa miso, rojo ya soya ya kuchachushwa. Vibarua wakajazana.

Kwa hiyo pombe ndiyo ilitangulia, chakula kilikuja kumshika mtu asiondoke. Ukiingia pale na njaa ya ugali umekwenda kununua viatu buchani.

Kwa nini Düsseldorf na siyo Berlin? Baada ya vita Japani ilikuwa inajijenga upya, inataka chuma, mashine na kemikali. Bonde la Ruhr, eneo la viwanda la jirani, lilikuwa navyo vyote, na Düsseldorf ndiyo ilikuwa ofisi ya bonde hilo. Makampuni ya Kijapani yakaanza kuleta watu miaka ya 1950. Watu wakaleta familia, watoto wakahitaji shule (ipo tangu 1971), na baba akitoka ofisini saa mbili usiku akahitaji pa kulegeza tai pamoja na bosi wake. Leo Wajapani wa mji huu ni kama 8,000. Toka stesheni kuu upande wa mjini, mbele yako unaikuta Immermannstraße: maduka ya vitabu, mikate, mchele, hoteli, na tangu mwisho wa 2021 kibao cha jina la mtaa kina Kijapani pia. Izakaya zenyewe nyingi hazipo mbele pale kwenye mataa makubwa. Ingia vichochoro vya pembeni, tafuta kitambaa kinachoning'inia mlangoni na taa nyekundu ya karatasi.

Ukishakaa, mambo yanakwenda hivi. Unaletewa kitaulo cha moto cha mikono (usijifute kwapa, nimeona). Wanauliza kinywaji kabla ya chakula, na Wajapani wengi hawafikirii mara mbili, wanasema "bia kwanza", hayo mengine baadaye. Bia inakuja na kile kibakuli. Kinaitwa *otoshi*. Kinaweza kuwa mwani, biringanya baridi, kipande cha samaki wa kupikwa kwa tangawizi, chochote jiko lilichoamua siku hiyo. Hukukiagiza na utakilipia. Ni kiti unacholipia, mkuu, wamekiwekea chakula juu ili kisiume. Wajapani hawana desturi ya bakshishi wala hawatozi kiingilio, kwa hiyo hela ya kukukalisha saa mbili kwenye meza inapita humo.

Baada ya hapo unaagiza vitu viwili vitatu, mnakula wote kutoka sahani moja, mnaongea, mnaagiza tena. Tangu edamame (soya mbichi za kuchemsha na maganda yake, unazifyonza kama karanga za kuchemsha za stendi ya Chalinze), vijiti vya kuku, samaki, tofu, hadi mwisho kabisa ndipo kinakuja kitu cha wanga: wali wa kumwagiwa chai, au tambi. Hicho cha mwisho kina jina lake, *shime*, maana yake kufunga. Ndugu yetu alitaka wali uje mwanzo. Wali ukija mwanzo, kwa mhudumu maana yake unaaga.

Karibuni na maswali. Habari za mkaa nazileta baadaye, zamu yangu inaanza saa kumi.

#2 Ngosha wa Igoma

Siti ya mbele kabisa. Uzi bila picha ni tangazo la redio.

#3 Kapuku Mstaarabu

Mtemeke, umeandika vizuri ila umetetea wizi kwa Kiswahili kitamu. Mimi niko Köln, nusu saa tu kwa treni, na nilishaingia hiyo mitaa yako. Vijiti viwili vya kuku, nyama ya ukubwa wa dole gumba, euro sita na nusu. SITA NA NUSU. Kijiti cha mshikaki pale Tandale nilikuwa napata kumi kwa hela hiyo na ndizi ya kuchoma na pilipili juu. Halafu unaniambia nilipie kiti? Kiti nimekikuta, nimekiacha.

#4 Bi Mkora

Nyie wanaume mwaanza na pombe siku zote. Mie nina suala jengine. Mwanangu yuko chuo hapo Düsseldorf, rafikize wa darasani wamwalika huko kwenye hizo izakaya kila Ijumaa. Yeye pombe hanywi, nguruwe hali. Ataagiza nini? Na usinambie "saladi".

#5 Njoro254

Hii story imenikumbusha mara yangu ya kwanza huko Düsseldorf, nilikuwa nimekuja kwa kongamano. Naangalia menyu naona SABA. Nikadhani ni namba ya chakula. Nikamwambia msichana, "nipatie namba sita pia". Akanishangaa. Kumbe saba ni samaki!

#6 Binti wa Wete

Njoro umeniua mbavu. Saba ni kibua huyo, au binamu yake. Wanamtia chumvi wanambanika na ngozi yake, wanamweka na figili nyeupe iliyokunwa na kipande cha limau. Mie nipo Muscat lakini nilipita hapo nikienda kwa dada yangu, nilipomuonja nikahisi nipo Tumbe pwani. Mkimaliza kwa saba muulizeni mleta uzi pweza anaitwaje Kijapani.

#7 Ngosha wa Igoma

Anaitwaje?

#8 Mtemeke

Binti wa Wete unatafuta niliwe ban. Anaitwa *tako*. Na vile vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani vinaitwa takoyaki, yaani tako la kubanika. Nimeshafanya kazi miaka mitatu, bado kila mteja akipaza sauti kuagiza mimi nageukia ukutani.

Na mimi nina aibu yangu. Wiki ya kwanza kabisa, kabla sijaajiriwa, nilikwenda kama mteja na mshikaji. Nikasikia meza ya jirani wanasema "nama, nama". Nikajua hawa jamaa wanashindwa tu kutamka nyama. Nikanyoosha vidole viwili: nama! Zikaja bia mbili. *Nama* ni kibichi, na kwenye baa maana yake ni bia ya bomba. Tukazinywa tukasubiri nyama. Nikarudia kwa msisitizo: NAMA. Zikaja mbili nyingine. Siku ile tulirudi nyumbani tumeshiba povu.

#9 Kapuku Mstaarabu

Naona mnacheka, euro sita na nusu hazijajibiwa.

#10 Mutoto ya Goma

Bandugu, miye naishi Bruxelles. Patron yangu alitupeleka mu izakaya moja, tulikuwa batu nane. Chupa ya bia iko mu katikati ya meza, miye niko na kiu, nikajimiminia glasi yangu. Wote bakaniangalia. Hakuna mwenye alisema kitu. Njo nilikosea nini?

#11 Mtemeke

Mutoto ya Goma, hukujitendea kosa kubwa, umejionyesha tu mpweke. Pale mtu hajimiminii. Unammiminia jirani, jirani anakumiminia wewe, na kama ni mkubwa wako unaishika chupa kwa mikono miwili, kama sisi tunavyompa mzee kitu na mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia. Ukitosheka, acha glasi imejaa. Glasi yenye nafasi ni ombi.

Sasa hapa hapa Düsseldorf ukivuka mitaa michache ukaingia Altstadt kwenye nyumba za bia za Wajerumani, kuna kichekesho kinachofanana. Mhudumu wanamwita Köbes. Anapita na sinia la vijiglasi vya Altbier, ile bia yao ya kahawia, glasi ni robo lita. Yako ikikaribia kuisha anakuwekea nyingine bila kuuliza na kuchora mstari kwenye kibao cha karatasi. Anaendelea mpaka ufunike glasi na kile kibao. Wabongo wangapi wamelia pale? Hawakuagiza, wameletewa, wamelipa. Lakini sijaona uzi wa "Wajerumani wezi wa Alt". Ugeni ndio unatuuma, Kapuku. (Najua wewe ni mtu wa Kölsch, bia ya huko Köln, nao wanafanya vilevile, kwa hiyo tulia.)

Bi Mkora, shikamoo. Suala lako linataka jibu la kweli. Kijana wako atakuwa na kazi. Nguruwe kumkwepa ni rahisi, Kijapani ni *buta*, akiona neno hilo aruke. Kazi ipo kwenye pombe iliyojificha. Mchuzi wa kupaka vijiti, *tare*, unachemshwa kwa mchuzi wa soya, sukari, sake na mirin, na mirin ni pombe tamu ya mchele yenye nguvu kama ya divai. Hata vijiti vya chumvi, wabanikaji wengi wanavinyunyizia sake kidogo kabla ya moto. Mchuzi wa soya wenyewe ule wa kuchachushwa una pombe kidogo ndani yake kwa asili. Kuku wetu hakuchinjwa kwa Bismillahi, na wavu ni mmoja, kitimoto kinapita palepale. Sitaki kumdanganya mtu.

Kinachobaki: edamame, tofu baridi aipate bila kumwagiwa soya, wali wa kukanda na mwani, sashimi, na huyo saba wa chumvi akiomba asinyunyiziwe na abanikwe kwenye sufuria pembeni. Jikoni kwetu mtu akiomba hivyo tunafanya, ila aombe mapema, siyo saa tatu usiku Ijumaa tiketi zimepangana ukutani kama nguo za mnada. Chai ya kijani ipo, na hakuna anayemshangaa mtu anayekunywa chai. Kuhusu ule mchuzi wa soya, amuulize shehe, mimi ni mbanikaji.

#12 Bi Mkora

Marahaba mwanangu. Angalau wewe wasema kweli. Nimemtumia ujumbe. Ajibu kwamba sashimi ni samaki mbichi na yuaogopa minyoo.

#13 Binti wa Wete

Bi Mkora asiogope. Sheria ya Ulaya inataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 zisizopungua, minyoo inakufa. Nimefanya kazi kiwanda cha samaki naijua hiyo karatasi. Samoni wa kufugwa ndiye anayeweza kusamehewa kwa masharti. Na huyo samoni mbichi mnayemuona kila mahali siyo wa jadi kwa Wajapani, wao walikuwa wanamla amepikwa. Wanorwei walikuwa na samoni wengi wa kufugwa miaka ya 1980, wakaenda kuwashawishi Wajapani wamle mbichi. Wakafanikiwa, sasa dunia nzima inadhani ni asili ya Tokyo.

#14 Ngosha wa Igoma

Hii ya Norwei sikuijua. Sisi wa Ziwa tumewauzia Ulaya sangara miaka yote hatujawafundisha hata kula kichwa.

#15 Mtemeke

Nimerudi kutoka zamu, saa saba usiku, nanuka kuku. Kapuku, sasa tuongee sita na nusu yako.

Naanza na mkaa. Ule tunaotumia unaitwa binchotan. Mti wake ni aina ya mwaloni, ule unaosifika zaidi unatoka mkoa wa Wakayama. Wanauchoma kwenye tanuru la udongo siku kadhaa kwa moto mdogo, halafu mwishoni wanafungua hewa, joto linapanda kufika kama nyuzi 1,000, wanauvuta nje ukiwa mwekundu na kuufukia kwenye majivu na mchanga wenye unyevu. Unatoka mweupe kwa nje, mgumu. Ukigonganisha vipande viwili unalia kama chuma, kling. Siku ya kwanza niligonganisha kama mtoto dakika tano mpaka mpishi mkuu akanitazama.

Huu mkaa haushiki moto upesi. Mkaa wa mgunga wa kwetu unapulizia ungo, dakika kumi kazi imeanza. Huu unauweka kwenye gesi nusu saa na zaidi, na ukiuharakisha unapasuka vipande vinakurukia. Lakini ukishashika, haukupi mwali, moshi karibu hakuna, unakupa joto tu, kavu, saa nyingi. Usiku tunauzima kwenye chungu chenye mfuniko, kesho tunauwasha tena kilichobaki. Nyumba nyingi za Ulaya hazina, wanatumia gesi au umeme, kwa sababu mkaa ndani ya jengo unataka bomba kubwa la kuvuta hewa, na gesi yake inaua mtu kimya. Kwetu kuna king'ora ukutani cha kupima hewa. Kimewahi kulia mara moja, tukatoka wote nje kwenye baridi na wateja wetu na glasi zao mkononi.

Nyama yenyewe. Saa nane mchana wenzangu wameshaanza kutunga. Paja linakatwa vipande vinavyokaribiana, vikubwa kiasi kuelekea ncha na vidogo kiasi upande wa mpini, kwa sababu katikati ya jiko ndiko moto ulipo. Kijiti lazima kipite katikati ya nyuzi za nyama, ukikosea kipande kinazunguka peke yake, ukigeuza kijiti nyama inabaki upande uleule inaungua. Wiki zangu mbili za kwanza nilitunga vijiti mia mbili, mpishi mkuu akavifumua zaidi ya nusu mbele yangu, bila neno, akanirudishia sinia. Wana msemo, hasa wapishi wa mkunga: kutunga vijiti miaka mitatu, kupasua minane, kubanika maisha yote. Mimi bado nipo kwenye ile mitatu.

Chumvi inanyunyizwa kutoka juu, mkono usawa wa uso, ili ianguke sawasawa. Halafu unageuza, unageuza, unageuza. Ukienda kukojoa umeshaunguza oda ya meza mbili.

Sasa jumlisha: mkaa umepanda meli, watu watatu wametunga tangu mchana, kima cha chini cha mshahara Ujerumani 2024 kilikuwa euro 12.41 kwa saa, na Januari ya mwaka huohuo kodi ya chakula cha kula mgahawani ilipanda kutoka asilimia 7 kurudi 19. Kila mwenye jiko alibadilisha menyu wiki hiyo. Vijiti viwili sita na nusu, mwenye nyumba hajengi ghorofa.

Nikubali moja: zipo sehemu zinazotumia neno izakaya kama rangi ya ukutani. Taa nyekundu ipo, jikoni kuku ametoka kwenye mfuko wa plastiki ameshatungwa kiwandani, anapashwa kwenye umeme, bei ileile. Huko hata mimi nitakuunga mkono ukiita wizi. Ujanja ni huu: kaa kaunta, angalia moto. Usipouona moto, agiza edamame na bia moja, lipa, ondoka.

#16 Kapuku Mstaarabu

Angalau leo umekuja na hesabu. Lakini bado ni paja la kuku.

#17 Mtemeke

Usiagize paja basi! Ndiyo shida yetu, tunaona *momo* (paja) na *negima* (kuku na kitunguu cha majani), tunabaki hapohapo. Kuku wao anatungwa mzima: ngozi (*kawa*), moyo (*hatsu*), ini, gegedu la kifuani, na kile kikia chenye mafuta kinachoitwa *bonjiri*. Halafu mfalme wao: *sunagimo*. Firigisi.

#18 Ngosha wa Igoma

Firigisi wanaweka kwenye kijiti?? Na wanamuuzia mtu yeyote anayepita??

#19 Mtemeke

Yeyote. Mtoto wa miaka tisa anaagiza, baba yake anamwangalia.

#20 Njoro254

Huyo mtoto kwetu angelala nje.

#21 Binti wa Wete

Kwetu baba alikuwa hasemi kitu. Anafungua bakuli, anatafuta kwa kijiko, asipoiona anafunika bakuli. Hapo mama anajua na sisi tunajua.

#22 Mtemeke

Hiyo hadithi nilimsimulia mpishi mkuu. Anatoka Kyushu, anaongea Kijerumani cha kuokoteza kama changu, tunaelewana kwa mikono. Nikamwambia kwetu kuku ana firigisi moja na nyumba ina baba mmoja, mtoto akiila ni kesi. Akauliza, na mgeni akija? Nikamwambia ya mgeni. Na baba? Baba anatabasamu. Alicheka mpaka akaweka chini koleo.

Firigisi zetu tunazichambua wenyewe, ule utando mweupe mgumu unatolewa, inabaki nyama nyekundu tupu, chumvi tu, hakuna mchuzi. Kijiti kimoja kinakula firigisi za kuku wawili watatu. Inatafunika kama inakatika, siyo kama ile ya mama iliyochemka hadi ikawa raba (mama nisamehe). Basi tangu siku ile, kila tukifunga jikoni, mpishi mkuu anabakiza kijiti kimoja cha sunagimo. Hakili yeye mwenyewe wala hanipi mimi. Kinakwenda kwa mzee wa kuosha vyombo aliyenirithi, mtu wa Sri Lanka, ndiye mkubwa kuliko wote jikoni. Hajawahi kuambiwa kwa nini. Anakula anarudi kwenye sinki.

#23 Mutoto ya Goma

Aksanti sana kwa hii. Wiki yenye inakuja nitamumiminia patron na mikono mbili.

#24 Msela wa Hamburg

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye basi. Swali la kiufundi: mkimaliza, bili inalipwaje? Kibongo aliyealika analipa, sasa nikienda na Wajerumani wawili na Mjapani?

#25 Mtemeke

Wajerumani wataulizwa "pamoja au kila mtu na yake?", nao wataanza kukumbuka nani alikula edamame ngapi. Ndiyo maana mhudumu wa izakaya anaichukia sentensi hiyo kuliko tauni, vyakula vilikaa katikati ya meza, nani atajua? Wajapani wanagawa sawa kwa vichwa, au mkubwa anabeba zaidi. Fanyeni hivyo. Bakshishi: Japani haipo, ila hapa uko Ujerumani, wahudumu wanaitegemea, ongeza kama asilimia tano hadi kumi na utaje jumla yako wakati unalipa, usiache sarafu mezani.

Jambo jingine, sehemu nyingi Ijumaa na Jumamosi meza ni saa mbili tu, wanakuambia ukiweka nafasi. Kaunta mara nyingi wanakuwa wapole zaidi. Na siku ya Japan-Tag, ile sherehe inayofanyika kando ya Rhein karibu kila mwaka tangu 2002, msithubutu. Mji unafurika, sisi jikoni tunakuwa kama mashine ya kusaga, hutaniona hata uso.

#26 Ngosha wa Igoma

Wewe uliingiaje jikoni bila cheti cha upishi?

#27 Mtemeke

Kuosha vyombo hakuna anayekuuliza cheti cha upishi. Cheti cha lazima ni kimoja, cha idara ya afya ya mji, unakwenda (au unafanya kwa mtandao) unaelezwa habari za magonjwa na usafi wa chakula, unapewa karatasi. Bila hiyo usiguse hata sahani. Uwe na kibali cha kukuruhusu kufanya kazi. Basi. Hayo mengine ni kukubali kufumuliwa vijiti vyako mia moja bila kununa.

#28 Bi Mkora

Mwanangu amekwenda jana. Amekula huyo saba na wali wa mwani. Asema mhudumu alimuuliza atoka wapi, akajibu Mombasa, wakamletea chai ya pili bure. Kile kibakuli cha kwanza kilikuwa na mirin, alipouliza wakambadilishia wakampa matango ya chumvi. Euro nne wametoza vilevile.

#29 Mtemeke

Kiti ni kiti, Bi Mkora.

#30 Kapuku Mstaarabu

Sawa. Nimekwenda. Msinicheke.

Jana nilipanda treni peke yangu, nikaingia kichochoro cha nyuma ya Immermannstraße, nikaona kitambaa, nikasukuma. Jiko zima likapiga kelele kunikaribisha, nikadhani nimevunja kitu. Nikakaa kaunta, nikaangalia: moto upo, mweupe juu mwekundu ndani, kama ulivyosema. Kibakuli kikaja, biringanya baridi. Nikakitazama muda mrefu. Nikakila.

Bili ninayo hapa mfukoni: kibakuli 4.00, bia ndogo mbili 9.00, negima viwili 6.50, firigisi viwili 6.00, firigisi viwili tena 6.00, wali wa chai 7.50. Jumla 39.00. Nikasema arobaini na mbili, mkono ukitetemeka. Nimekaa saa mbili na dakika kumi, na jirani yangu kwenye kaunta, mzee wa Kijapani mwenye tai mfukoni, alinimiminia bia yake mara mbili bila kujua jina langu. Nilipoona chupa yake imeinama nikakumbuka uzi, nikaichukua kwa mikono miwili nikammiminia na mimi. Akainamisha kichwa.

Mtemeke, yule mbanikaji mrefu mwenye kitambaa cheusi kichwani aliyegeukia ukutani mtu wa meza ya nyuma alipoagiza takoyaki, ni wewe?

#31 Mtemeke

Sijibu.

#32 Ngosha wa Igoma

Kapuku, picha ya firigisi iko wapi?

#33 Kapuku Mstaarabu

Nilipiga moja, imebaki kijiti kitupu. Naipandisha kesho nikipata bando.